Mwaka Jagi Lilipobaki Igamba

Mtu wa Tunduma akikuta gofu kwenye televisheni anabadilisha chaneli, na mimi simlaumu. Ataona wazee wenye kofia wanatembea kilomita nzima kukifuata kimpira, wakikifikia wanachuchumaa kukitazama, wananong'ona, wanapiga, halafu wanaanza kutembea upya. Dukani kwangu, ninapouza vipuri vya malori hatua chache kutoka forodhani, madereva wanaosubiri foleni ya kuvuka hunitania kwa sababu televisheni yangu haibanduki kwenye mchezo huo. "Mama Jagi, wazungu wako leo wamefika wapi?" Nawajibu wanyamaze wajifunze adabu. Lakini ikifika Jumamosi ya Jagi, vumbi likiwa limetanda Mbozi nzima na kahawa ipo kwenye vichanja, madereva haohao huegesha malori wakapanda hadi Igamba kusimama juani kutwa. Wengine hutoka Ihanda kwa miguu, wengine Ndalambo, watatu kwenye pikipiki moja, na Wazambia huvuka mpaka na ndoo zao za chakula. Hawafuati uzuri wa mahali. Uwanja wetu una mashimo tisa kwenye mteremko wa lililokuwa shamba la mzungu, nyasi zimeungua, na ng'ombe hukatiza wanapotaka. Kikombe chenyewe ni jagi la maziwa, la madini ya fedha, limebonyea ubavuni, ambalo mke wa yule mzungu aliliacha walipoondoka. Ndiyo maana mashindano yanaitwa Jagi, na mshindi hukaa nalo mwaka mmoja, kwake au kwenye klabu yake.

Nimejiuliza miaka mingi watu wanafuata nini pale, na nadhani najua. Kwanza ni ukimya. Kwetu watu wakikusanyika lazima waseme. Hata msibani utawakuta wanaobishana bei ya mbolea. Siku ya Jagi umati mzima hunyamaza kwa ajili ya mtu mmoja anayetaka kusukuma mpira hatua tatu. Pili, na hili ndilo lililonikamata mimi, mchezo ule hauna refa. Mtu yuko peke yake kule korongoni, kwenye nyasi ndefu, hakuna anayemwona, kiatu chake kimegusa mpira ukasogea kidogo. Anatoka huko, anafika mbele ya watu na kusema kwa sauti, "Mimi nimepiga saba," wakati wote tulihesabu sita. Anajiongezea kosa mwenyewe. Kwetu mtu anakiri akishikwa, tena akibanwa sana, tena baada ya kumsingizia jirani. Mara ya kwanza kumsikia mwanaume mzima, mwenye wake na ng'ombe, akijitangazia kosa ambalo hakuna aliyeliona, nilisisimka mwili. Nilijiambia, hapa ndipo mahali pangu. Na ni mimi huyohuyo niliyefanya nilichokifanya.

Mwezi uliopita, wiki mbili kabla ya Jagi, nilipigiwa simu kutoka Nakonde kwamba ba Sinyangwe amefariki, "ba" ikiwa heshima ya kwao kwa mtu mzima. Alikuwa mchezaji bora kuliko wote niliowahi kuwaona kwa macho yangu, fundi wa injini za treni, Mnamwanga wa upande ule wa mpaka, mrefu, mpole, mwenye fimbo tano tu kwenye mfuko wa turubai alioushona mwenyewe. Nilikaa juu ya boksi la filta nikamwacha mteja amesimama. Nilihuzunika, ndiyo, lakini nisiseme uongo, kilichotangulia ni woga. Kuna jambo nililomfanyia mtu yule nikiwa na miaka ishirini na mitatu, sikumwambia yeye, sikumwambia mchungaji, sikumwambia mume wangu mpaka naye akafa. Kila mwaka nilijipa ahadi kwamba Jagi lijalo nitamvuta pembeni nimwambie. Sasa sikuwa na mtu wa kumvuta pembeni.

Habari za ukoo wangu na nilikozaliwa hazihusiki hapa, niziache. Mwaka ule nilikuwa mburuta brauni wa klabu ya Igamba. Kule kwenye televisheni, shimo huwa katikati ya majani laini yaliyonyolewa. Sisi hatukuwa na maji ya kunyweshea majani, kwa hiyo kila shimo lilizungukwa na duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu, ili upepo usiupeperushe. Hiyo ndiyo brauni. Nilikuwa nashuka Tunduma kwa lifti ya lori kuomba oili chafu kwenye magereji, narudi na madumu, nauchanganya mchanga kwa koleo mpaka ukiushika mkononi unagandamana bila kuchuruzika. Kuna kipimo chake na hakiandikwi popote, unakijua kwa vidole. Nilikuwa nalala kwenye stoo ya klabu, ghala la zamani la kahawa, kwenye kitanda cha kamba kati ya madumu na magunia, na kucha zangu zilikuwa nyeusi mwaka mzima. Ukutani kwa upande mmoja kulikuwa na jiko la shangazi Orupa, mpishi wa klabu, ambaye hakuwa shangazi yangu wa damu ila alinilisha kuliko wa damu. Upande wa pili, nyuma ya mbao zilizoachana, kulikuwa na chumba cha mikutano chenye meza moja ndefu, viti visivyolingana, na kabati la kioo ambamo Jagi hukaa likiwa kwetu. Kwa miaka miwili mfululizo kabati lile lilikuwa tupu, maana ba Sinyangwe alilibeba mara mbili.

Nilikuwa natenganisha magunia yenye mchanga mzuri na mabovu niliposikia wajumbe wa kijiji wameketi na mwenyekiti wa klabu, mzee Kibona, mtu wa Ileje, mwenye sauti ya chini ambayo ilibidi uache kazi ili uisikie.

"Mzee Kibona, tusizungukane," alisema mjumbe mmoja. "Ardhi ile tuliwaachia kwa sababu ya Jagi. Mzambia amelichukua mwaka juzi, amelichukua mwaka jana. Je, akilichukua na safari hii?"

"Kanuni ni kwamba akishinda mara tatu mfululizo linakuwa lake moja kwa moja."

"Likiwa lake moja kwa moja, uwanja ni wa nini?"

"Tutatafuta kikombe kingine."

"Kikombe kingine!" Mjumbe alicheka. "Baba, watu hawatoki Ndalambo na vumbi lote hili kuja kuona kikombe kingine. Wanakuja kuona Jagi. Sisi trekta tumeshaliomba. Likivuka mpaka na lisirudi, mvua ya kwanza ikinyesha tunalima mahindi pale."

Nilisikia kiti kikisogezwa. Mzee Kibona akasema, "Basi tumwombee mwalimu Nzowa." Huyo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Ihanda, tegemeo letu la pekee. Nilisimama pale na gunia mkononi. Hawakuwa wakizungumzia heka kadhaa za ardhi. Walikuwa wakizungumzia mahali pekee nilipowahi kupapenda, na walikuwa wanapazungumzia wakitafuna viazi vitamu.

Tangu siku ile sikula vizuri. Shangazi Orupa alinisogezea bakuli la maharage na ugali, akanitazama nikimega vipande vidogo na kuvirudisha. "Tabitha, huyo mwanaume anayekunyima chakula ni wa wapi? Kama ni dereva mwache, madereva wana mke kila kituo cha mizani." Nikamwambia hakuna mwanaume. "Basi ni minyoo," akasema, na akaniletea dawa ya mitishamba chungu kupita kiasi, nikainywa ili nisilazimike kueleza. Jioni mwalimu Nzowa alikuwa anakuja na baiskeli kufanya mazoezi. Alikuwa na mkono mzuri kwenye mapigo marefu, lakini akifika kwenye brauni jasho linamtoka. Nilimburutia njia tena na tena. Na ni katika kumburutia huko nilipogundua jambo ambalo ningeomba nisingeligundua.

Kuburuta ni hivi. Mpira ukitua kwenye brauni, mchanga una nyayo na mikwaruzo, huwezi kuupiga hivyo. Mburuta anachukua bomba la chuma lililovishwa gunia, lenye mpini, anaanzia shimoni na kuliburuta mara moja hadi nyuma ya mpira, na hapo mchezaji anapata njia laini. Ukilishika bomba sawasawa, njia inakuwa tambarare. Lakini ukiuegemea mpini kidogo tu kwa mkono mmoja, upande huo unazama kama unene wa ukucha. Jicho halioni. Mpira unaona. Jioni moja niliegemea kwa bahati mbaya kwa sababu nilikuwa nimejikata kidole, na mpira wa mwalimu, uliopigwa vizuri kabisa, ukaacha shimo pembeni. Mwalimu akajilaumu. Mimi nikarudia makusudi, mara ya pili, mara ya tatu, na mara zote ukaacha shimo upande uleule. Nilifuta njia haraka kwa mguu. Sasa nilijua kwamba Jagi zima, pamoja na wanaume wote wale wanaojitangazia makosa yao, lilikuwa limekaa kwenye kiganja cha mkono wangu wa kulia.

Nilitakiwa kwenda kwa mzee Kibona palepale nikamwambie, tubadilishe bomba, tutafute lenye magurudumu, chochote. Sikwenda. Niliapa tu, asubuhi na mchana, kwamba sitafanya. Mtu ambaye hana nia ya kufanya jambo haapi mara mbili kwa siku, lakini hilo nimelijua ukubwani.

Wazambia walifika Ijumaa mchana kwa pikapu mbili. Jikoni kulijaa. Shangazi Orupa alipika wali wa nazi ya kununua Tunduma, akachoma ndizi, na wageni wakafungua ndoo zao za dagaa na viwavi waliokaushwa, na utani ukaanza, kwamba sisi Wanyiha tunaogopa kiwavi lakini kumbikumbi tunawatafuna na mabawa yao. Ba Sinyangwe alikuwa na kawaida moja ambayo wachezaji wetu hawakuwa nayo. Kabla ya kukaa alikuja jikoni. Alikunja magoti kidogo, akapiga makofi matatu taratibu kwa viganja vilivyokunjwa, akamsalimu shangazi Orupa, "Mwapoleni mukwai," kisha akanigeukia. Jagi alikuwa amelileta mwenyewe, limefungwa kwenye taulo, linang'aa. Mke wake alikuwa akilisugua kwa majivu kila mwezi.

"Mwana," aliniambia, "nimepita kwenye brauni zako. Kule kwetu nimeomba mchanga uchanganywe hivi, hawawezi. Nani amekufundisha?"

"Hakuna, ba Sinyangwe. Vidole tu."

"Vidole tu," akarudia, akacheka kwa furaha, akanipa pakiti ya viwavi iliyofungwa kwa gazeti. Niliwala wote. Nilitaka awe mtu mbaya na hakukubali kuwa mtu mbaya.

Siku yenyewe sikumbuki asubuhi yake yote. Nakumbuka wachezaji wengine walivyojitoa mmoja mmoja kwenye hesabu, mpaka ikabaki wazi kwamba ni mwalimu na ba Sinyangwe peke yao. Walizunguka mashimo tisa mara mbili, na umati ukawafuata kwa nyuma, watoto wamezibwa midomo na mama zao. Kwenye shimo la nne, mzunguko wa pili, mpira wa ba Sinyangwe uliingia kwenye kichaka cha mibuni iliyoachwa. Alikaa humo kidogo, akatoka na majani kichwani, akasema, "Nimeugusa. Niongezeeni moja." Watu wakaguna kwa heshima. Wazee wa kwetu, ambao walitaka ashindwe, walimpigia makofi. Kwa hilo pigo moja mwalimu akamfikia. Nataka msomaji alielewe hilo vizuri: kama angenyamaza kichakani, lililotokea mwisho lisingetokea.

Walifika shimo la tisa wakiwa sawa, na hiyo ndiyo brauni niliyosimamia mimi. Mwalimu alitangulia kufika. Nilimburutia sawasawa, Mungu ni shahidi, sikumbeba hata kidogo, na mpira wake ukalia kwenye kopo lililozikwa shimoni. Sasa ilikuwa hivi: ba Sinyangwe alibakiwa na pigo moja. Akiuingiza mpira, wanalingana, na kwa kanuni ya Jagi wakilingana Jagi halihami, linabaki kwa aliyekuwa nalo. Hiyo ingekuwa mara yake ya tatu. Akilikosa, mwalimu ameshinda. Mpira wake ulikuwa hatua tatu kutoka shimoni. Hatua tatu, kwa mtu yule, ni sawa na kuwa ameuingiza tayari.

Nilichukua bomba. Nilisimama shimoni, uso umeelekea mpira, mikono yote miwili iko sawa kwenye mpini. Nilikuwa bado nimeapa. Halafu niliinua macho. Nyuma ya umati, yule mjumbe wa kijiji alikuwa anamwonyesha mwenzake kwa mkono ulionyooka, kuanzia ghala hadi korongoni, mahali matuta yatakapoanzia na yatakapoishia. Hakuwa hata anatazama mchezo. Hasira iliyonipanda siwezi kuieleza. Nilianza kutembea, hatua ya kwanza sawa, na kwenye hatua ya pili mkono wangu wa kulia ukauegemea mpini. Sitaki kusema mkono uliegemea wenyewe. Niliuegemeza. Upande wangu wa kulia, ambao kwa mpigaji ni kushoto. Hatua ya tatu nikamaliza nyuma ya mpira, nikainua bomba.

Mchezaji ana haki ya kuikagua njia, na akiona ina kasoro anaomba iburutwe tena. Ba Sinyangwe alikuwa amesimama na fimbo yake, ananitazama mimi badala ya mchanga. "Niburute tena, ba Sinyangwe?" niliuliza. Nilikuwa namwomba. Kama angesema ndiyo, ningeburuta sawa na yote yangeisha.

"Hapana, mwana," alisema. "Ukiburuta wewe, mimi sina haja ya kukagua."

Desturi ya Jagi ni kwamba mburuta akimaliza huupa mpira mgongo mpaka upigwe. Mzee Kibona alisema ni ili asije akausukuma kwa macho. Niligeuka. Mbele yangu kulikuwa na watu, mstari mzima wa nyuso, na hakuna hata mmoja aliyenitazama. Wote walitazama chini nyuma yangu. Mtoto alikohoa, akazibwa. Nilisikia viatu vyake vikijipanga kwenye mchanga. Nilisikia fimbo ikigusa mpira, tap, sauti safi, sauti ya pigo lisilo na kasoro. Nilizifahamu sauti hizo kuliko hata nyimbo za kanisani. Nikasubiri kopo. Nikasubiri kopo lilie, na kwa muda ule mfupi, naapa, nilitaka lilie. Halikulia. Niliona nyuso zinabadilika kabla sijasikia kelele, shangazi Orupa akatupa khanga yake juu, na umati ukanipita pande zote mbili kwenda kumbeba mwalimu Nzowa. Kufuta njia baada ya pigo ni kazi ya mburuta, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa aliponiona nikiifuta kwa haraka kiasi kile.

Mshindi wa Jagi humimina chai ya maziwa kutoka kwenye Jagi lenyewe na kumpa kwanza aliyeshindwa. Mwalimu alimimina kwa furaha. Ba Sinyangwe alipokea kikombe, akanywa, akasema mbele ya watu wote, "Nimeuvuta kushoto. Nilikuwa nao, nikauvuta," kisha akaucheka mkono wake na kuupiga kofi dogo. Watu wakacheka naye. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la magimbi. Palikuwa na nafasi ya kutosha kabisa kwa sentensi moja. Niliweka sinia mezani, nikarudi jikoni kuchukua jingine.

Trekta halikuja. Jagi lilikaa kabatini mwaka ule, likavuka mpaka mwaka mwingine na Mzambia mwingine, likarudi, na limeendelea hivyo mpaka leo. Mimi nikawa katibu wa klabu, kisha mwenyekiti baada ya mzee Kibona. Nimehutubia kwenye uwanja ule miaka mingi kuhusu uaminifu wa mchezo wetu, na watu wamenipigia makofi. Bomba nililibadilisha mwaka uliofuata, nikaweka lenye rola, nikasema ni maendeleo. Na ba Sinyangwe alikuja kila mwaka hadi miguu ilipomkatalia. Hakushinda tena. Kwenye mapigo marefu alikuwa yuleyule, ila akifika kwenye brauni mpira wake ulipita kulia ya shimo. Si sana, kidogo tu, na karibu kila mara kulia. Watu walisema ni uzee, ingawa ilianza akiwa bado na nguvu zake. Mimi nilijiambia kwamba mtu asiyeshinda tena ni mtu ambaye hata siku ile angeweza kukosa bila mimi, na wazo hilo lilinisaidia kulala.

Nilivuka kwenda Nakonde siku ya mazishi, mapema, na unga na sukari kutoka klabuni. Nilimkuta mjane wake, bana Mutale, yaani mama Mutale, ameketi kwenye mkeka nyuma ya nyumba, karibu na jiko, amezungukwa na wanawake wachache. Alikuwa mzee sana na mdogo sana ndani ya khanga zake. Nilipiga makofi, nikakunja magoti, nikaanza maneno ya pole, naye akanigusa mguu.

"Sogea, mwana wandi. Umeikanyaga brauni yake."

Nilitazama chini. Nilikuwa nimesimama juu ya ukanda wa mchanga mweusi wa oili, mwembamba, umelazwa kando ya ukuta, na mwisho wake kopo limezikwa. Urefu wake haukuhitaji kupimwa. Nilisogea.

"Ya nini hii, mama?"

"Unaniuliza mimi?" Alitikisa kichwa. "Kila Jumapili tukitoka kanisani, kabla hajala. Hatua tatu. Hatua tatu. Nshima inapoa. Nikamwambia, we baba, ni mpira mmoja tu, tena wa zamani. Akasema, mke wangu, mkono huu una ugonjwa wa kuvuta kushoto, ila unajificha. Hapa nyumbani mpira unaingia sawa, lakini siku ya watu unavuta. Kwa hiyo lazima niufundishe kwenda kulia. Akaufundisha. Miaka yote akaufundisha."

Nikakaa chini bila kukaribishwa. Kulia. Kila mwaka nilimwona akikosa kulia, nikamsingizia uzee. Alikuwa na mkono mzima, mkono bora kuliko mikono yote niliyowahi kuiona, akakaa nyuma ya nyumba yake Jumapili baada ya Jumapili akiuharibu kwa bidii, ili atibu ugonjwa niliompa mimi kwa hatua moja ya mguu. Nilidhani nilimwibia shimo moja. Nililia, na wanawake wakadhani ninamlilia marehemu, wakanipa nafasi.

Nilipoweza kusema nilimwambia bana Mutale yote, bomba, mjumbe, mkono wa kulia, swali nililomuuliza na jibu alilonipa. Hakunikatiza. Mikono yake ilikuwa inakunja ncha ya khanga na kuikunjua.

"Kwa hiyo hakukosea," alisema mwishoni.

"Hakukosea, mama."

"Mkono haukuwa na ugonjwa."

"Haukuwa nao."

Kisha akanyoosha kidole kuelekea mlango wa nyuma. "Mimi mchezo huo siujui. Usiniambie mimi. Yuko sebuleni, hawajafunga. Kamwambie mwenyewe."

Sebule ilikuwa imejaa, wanawake wamekaa sakafuni wakiimba, wanawe wamesimama ukutani. Nilipita katikati ya miguu yao mpaka kwenye jeneza. Walikuwa wamemlaza mikono juu ya kifua, wa kulia juu ya wa kushoto. Nilitaka kunong'ona, lakini kwa mtu yule kunong'ona kungekuwa kumwibia tena. Nikasema kwa sauti, "Ba Sinyangwe, mkono wako ni mzima. Mpira ulikuwa unaingia. Ni mimi niliyeuzuia." Wimbo ukakatika. Wote wakanigeukia wakisubiri niendelee.